Mazimwi ya Mpangaji Wetu

Mama yangu na mpangaji wetu waligombana miaka mingi juu ya mifupa ya samaki. Kwa Mama, mfupa ukishatoka mdomoni mwa mtu ni wa paka, na nyumba yetu ya mtaa wa Rusimbi haikuwahi kukosa paka waliojua haki zao. Mpangaji alikula taratibu, ameinama, akichomoa mifupa ya mgebuka mmoja mmoja na kuipanga pembeni mwa sahani kwa urefu wake. Akimaliza anainuka nayo, paka wanamfuata hadi mlangoni pake, mlango unafungwa. Hapo Mama anasema, kwa sauti ya kufika kwa majirani, kwamba tangu azaliwe hajaona mtu mzima anayedhulumu paka.

"Mama, kwa paka hii ni chakula ya mara moja," mpangaji alimjibu siku moja kutoka ndani. "Kwangu iko na kazi ya wiki muzima."

Kazi yenyewe ilikuwa kutunga mazimwi. Sijui niiseme vipi nyingine. Mchana alipaka rangi mitumbwi na kuandika majina ya mitumbwi hiyo kule Bangwe na pwani ya Ujiji, na watu walimjua kwa herufi zake nene zenye kivuli cha bluu. Lakini ukimuuliza anafanya kazi gani, hakutaja rangi. Alisema yeye anatunga mchezo, na mchezo unahitaji mazimwi, na mazimwi hayajitokezi yenyewe.

Alikuja kwetu kutoka ng'ambo, upande wa Kongo, miaka ile ambayo boti zilikuwa zinaleta watu badala ya mizigo. Ukoo wake sitausimulia kwa kuwa hakuwahi kutusimulia. Tulichojua ni kwamba mkewe alikuwa amefariki huko huko, na kwamba alikuwa na binti mdogo aliyekuja baadaye na dada wa mama yake, wakaandikishwa kambini, upande wa Kasulu. Binti alikuwa kambini na mama yake mdogo, baba alikuwa Rusimbi kwenye chumba chetu cha uani. Mazimwi yote aliyoyatunga yalikuwa ya mtoto huyo. Wengine wote, pamoja na mimi, tulicheza kwa kuokota makombo.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Kulikuwa na ubao wa katoni uliochorwa ziwa letu, refu na jembamba kama lilivyo, na nchi huku na nchi kule. Mchezaji anaanzia ng'ambo moja akiwa na punje ya haragwe, anataka kuvuka. Njiani limelala zimwi, karatasi imefunikwa. Mwenye zimwi anaifunua na kukuonyesha picha, lakini nyuma ya karatasi kumeandikwa mambo matatu usiyoyaona: linakula nini, linatembea saa gani, linaogopa nini. Wewe unauliza maswali. Ukigundua woga wake, umelishinda, unapita. Ukishindwa, unarudi ufukweni ulikotoka.

Jirani mmoja alimuuliza kwa nini mtu asiliwe moja kwa moja, mchezo ukanoga. Mpangaji alikataa. Kwenye mchezo wake, alisema, mtu anarudi tu, kufa hakuna.

Nilikuwa na cherehani yangu barazani, na kwa kuwa alihitaji uzi, nikawa wa kwanza kuona namna alivyofanya. Hakuanza na picha. Alianza na mifupa. Alichukua uti wa mgongo wa mgebuka, akaufunga taya la samaki aina ya kuhe, akaupa miiba ya singa kuwa miguu, akaukaza kwa uzi wangu mweusi, halafu akausimamisha juu ya kiti. Ukianguka, anafungua, anaanza tena. Alikuwa haamini zimwi lisiloweza kusimama. Mtu anaweza kuchora mbawa kumi na vichwa saba, alisema, karatasi haikatai, lakini mifupa inajua uongo. Chumba chake kilinuka kama mwalo wa samaki, na yeye mwenyewe alinuka hivyo hivyo, na sidhani alijua.

Likishasimama ndipo analichora, na likishachorwa ndipo anakaa nalo siku nyingi akitafuta woga wake. Hilo ndilo lililomtesa. Nilimkuta mara nyingi amekaa kwenye kizingiti akilitazama dubwana la mifupa lililokuwa juu ya kiti, naye mikono imelala mapajani. Nikimsalimu anaitika baada ya kitambo.

"Zimwi yenye haina woga," aliniambia, "ni uvivu ya mwenye kuitunga."

Mama alikuwa na methali yake, ile ya kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Aliitumia kwa kila jambo, kuanzia wakwe hadi viongozi. Mpangaji aliichukia. Alimwambia Mama, kwa heshima zote, kwamba aliyetunga methali hiyo alikuwa ameshaliwa nusu, ndiyo maana anajifariji. Mama alicheka mpaka akashika mlango, na tangu siku hiyo nadhani alimpenda, ingawa ugomvi wa mifupa uliendelea.

Alikuwa na miiko. Zimwi lake halikuwa na sura ya mtu. Lingeweza kuwa na magamba, mizizi, magurudumu, macho ya karabai, lakini si pua na mdomo wa mwanadamu. Halikushika panga wala bunduki. Vijana waliokuwa wakishinda kwenye kibanda cha gemu za televisheni walikuja kumshawishi, wakamwambia mzee, weka damu, weka mtutu, hii kitu itauza kinoma. Aliwasikiliza hadi mwisho, akawapa karanga. Walipoondoka aliniambia wenye sura za watu na mapanga ameshawaona wa kutosha, na hakuna hata mmoja aliyehitaji kutungwa.

Akaja pia bibi mmoja wa shirika, mpole, na gari lake jeupe, aliyeusikia mchezo kwa watoto. Alitaka zimwi la malaria na zimwi la kutonawa mikono. Mpangaji alimwambia malaria inatosha kuwa malaria. Yule bibi aliondoka bila kinyongo, lakini Mama alisikitika, maana alikuwa ameshaanza kuliota hilo gari jeupe mlangoni kwetu.

Usidhani mazimwi yake yote yalikuwa ya kale, ya misituni na majini. Alikuwa na fungu jingine, la nyakati zijazo, alilolichora nyuma ya kalenda za zamani zenye karatasi ya kung'aa. Humo Ujiji ilikuwa ya wajukuu wa wajukuu wetu. Ziwa limepanda juu, limening'inia angani, na samaki wanachungulia chini kuwatazama watu. Huko juu kulikuwa na zimwi alilolipa jina la Mvuvi wa Juu, lililotega taa zake kwenye mawingu likawavua wanadamu waliozoea kutazama nyota. Kulikuwa na Bwana Foleni, dubwana lenye shingo ndefu isiyoisha, linalokula asubuhi za watu. Hilo liliogopa mtu aliyekuja na kigoda chake. Na kulikuwa na mashine ya miguu mingi iliyoitwa Mhesabu-Watu, inayopita nyumba kwa nyumba kuomba vidole gumba. Hiyo aliitunga muda mrefu kuliko zote. Alikuwa na uhakika mtoto hataiweza.

Akaenda nayo kambini. Alikuwa anapanda lori la wafanyabiashara wa dagaa siku za soko, linaloondoka alfajiri na kurudi jioni ile ile. Alivaa shati lake jeupe lenye kola, nililokuwa nimelibana mabega, akabeba zimwi ndani ya bahasha kifuani. Jioni akarudi, Mama akamuuliza kabla hajakaa: vipi?

Ameishinda kwa swali la kwanza, alisema. Mtoto alikuwa ameitazama ile picha, akauliza kama mashine hiyo inaweza kuhesabu mama aliyebeba mtoto mgongoni. Basi. Hapo ndipo ulipokuwa woga wake. Ilikuwa haiwezi kuwatenganisha watu walioshikana, inawahesabu kama mmoja, inachanganyikiwa, inakimbia. Baba alitegemea atazunguka hadi alasiri. Mtoto alimaliza kabla chai haijapoa.

"Mutoto huyu iko na akili kunipita," akasema, na uso wake ulikuwa unang'aa kwa fahari na hofu kwa pamoja. "Lazima nitunge gumu zaidi."

Mama akamuuliza walikaa wakifanya nini muda uliobaki. Hakuelewa swali. Walisubiri lori, alisema. Kisha akaingia chumbani, tukasikia mifupa ikikwaruza kiti.

Ilikuwa hivyo kila mara. Sisi pale nyumbani tulipima ubora wa zimwi kwa muda aliotumia mtoto kulishinda, na muda huo ulizidi kupungua. Kadiri ulivyopungua, mpangaji ndivyo alivyojifungia. Alikataa kazi za rangi. Alikataa kuja kukaa barazani jioni, saa ambayo Warusimbi wote wako nje wakipunga upepo. Kuna siku alikaa na zimwi moja hadi akapitisha siku ya soko, halafu na ya pili, kwa sababu alisema hawezi kwenda kwa mtoto na kazi nusu. Mimi nilikuwa bado msichana, sina mtoto, na nikaona huo ndio upendo. Mama hakuona hivyo.

Nilimuuliza siku moja kwa nini asihamie tu huko kambini. Majibu yake yalikuwa mengi, na hayo mengi ndiyo yaliyonitia shaka. Kuna vumbi. Hakuna mitumbwi ya kupaka rangi. Kambini hakuna samaki wa kutosha, na bila samaki hakuna mifupa. Mama mdogo wa mtoto ni mkali. Mtoto ameshazoea. Yote yalikuwa ya kweli, nadhani. Lakini Mama, aliyekuwa akichambua mchele, alikuwa na neno lake.

"Mwanamume anayeogopa kulia mbele ya mtoto wake atatafuta kazi mbali."

Nilikuja kuamini neno hilo kwa sababu ya kisa cha taa, ambacho watu wa Bangwe hadi leo wanakisimulia kwa namna zao.

Alikuwa ametunga zimwi lililofanana na taa ya karabai. Kila mtu wa huku anajua wavuvi wa dagaa huingia ziwani giza likiwa totoro, mbalamwezi ikichomoza wanapumzika, na ukitazama kutoka ufukweni utadhani mji umejengwa juu ya maji. Zimwi hilo lilijiweka kati ya taa za kweli, pembeni kidogo, likasogea polepole, na mtumbwi uliolifuata ulidhani unawafuata wenzake. Watoto wa Bangwe waliokuja kucheza barazani kwetu walirudi na habari hiyo makwao. Wake za wavuvi wakatoka kuhesabu taa.

Nani asiyejua kwamba taa za ziwani hazihesabiki? Mitumbwi ya Kibirizi inaingia, ya Katonga inaingia, upepo unaichanganya. Lakini kila mwanamke alihesabu mitumbwi ya mwalo wake, kisha akahesabu taa za ziwa zima, na kila mmoja akakuta taa imezidi. Muda si mrefu mabaharia wa mitumbwi hiyo wakagoma kuingia majini. Vichanja vya kuanikia dagaa vikabaki vitupu, na njaa haina mzaha. Mwenyekiti wa mtaa akaja kwetu na wazee wawili.

Hawakumtukana. Walikaa, wakanywa maji, wakamwita Mzee ingawa hakuwa mzee. Walisema hawamtuhumu kwa uchawi, lakini kitu amekianzisha yeye na akimalize yeye. La sivyo, itabidi wakubwa waelezwe kwamba kuna mkimbizi anakaa mjini bila kibali, apelekwe kambini anakostahili kuwa.

Nilikuwa nimeshika trei. Nikamwona mpangaji anasogeza kiti nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta. Nilitaka kucheka, Mungu anisamehe: walikuwa wanamtisha kumpeleka alipo mtoto wake! Nikamtazama Mama, naye akanitazama, nikajua tunawaza jambo moja.

Mpangaji aliwaambia hawezi kulifuta zimwi. Likishatungwa limetungwa. Ila woga wake upo, umeandikwa, na watoto hawakuugundua kwa kuwa waliacha mchezo katikati wakakimbia kusimulia. Taa hiyo haijui kuitikia salamu. Mvuvi aliye na shaka na taa ya jirani yake amsalimu tu. Ikiitika ni mtu.

Wakaenda kujaribu. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa wa kwanza kuingia mtumbwini, maana yeye ndiye aliyedai jambo limalizwe. Muha akasalimu kwa Kiha, Mrundi akasema amahoro, Mkongo akaita kwa Kiswahili chake, na kutoka kwenye giza taa zote zikaitika. Dagaa wakarudi vichanjani. Hadi sasa wavuvi wa upande ule wana desturi ya kusalimiana taa kwa taa, na wengi hawajui ilianza vipi. Mpangaji alikwenda mara kadhaa kukaa kwenye mawe ya ufukweni kuwasikiliza. Hakuna aliyekuwa akimsalimu yeye, kwani hakuwa na taa.

Halafu ikaja habari ya kuondoka. Familia ya mama mdogo wa mtoto ilipata nafasi ya kwenda kuishi nchi ya mbali, ya baridi, na mtoto alikuwa kwenye hesabu yao. Mama mdogo huyo alituma ujumbe kupitia dereva wa lori: baba akisema hapana, mtoto atabaki. Alikuwa na haki ya kusema hapana. Nilimsubiri aseme. Nilikuwa hata nimeshapanga kitanda cha mtoto kitakaa wapi, na Mama alikuwa ameshatafuta shule.

Alibaki chumbani tangu adhuhuri mpaka Mama akamfuata na kusimama mlangoni.

"Huku nimemupa mazimwi," akasema. "Kule watamupa shule."

Mama akalia, waziwazi, kwa sauti, kama mtu aliyefiwa. Yeye hakulia. Aliomba uzi.

Alikuwa ameamua kutunga zimwi la mwisho, gumu kuliko yote, ambalo mtoto atakaa nalo ndani ya ndege na huko aendako, akiuliza maswali peke yake kwa miezi. Nilimsaidia kukata uzi. Mifupa ilikuwa ya kuhe mkubwa, na mguu mmoja wa nyuma ulikataa kusimama. Anafunga, unaanguka. Lori la dagaa likaondoka bila yeye. Mama akamwambia aende na karatasi tupu, mtoto hatajali, akasema bado kidogo. Alipopata lori jingine, la mkaa, lililokuwa likisimama kila kijiji, alifika kambini basi la kuwachukua wasafiri limeshaondoka na watu wanafagia mahali liliposimama.

Alirudi na bahasha yake ile ile kifuani. Akaingia chumbani, akatoka na sinia zima la mifupa, akalimwaga uani kwa paka. Paka wenyewe walinusa tu wakaondoka, maana ilikuwa imekauka mno.

Baada ya hapo akaendelea kutunga. Hilo ndilo jambo ambalo sikulielewa. Nilidhani ameacha, kumbe aliongeza. Alikuwa na viti viwili chumbani. Anakaa kimoja anauliza, anahamia cha pili anajibu, anarudi kile cha kwanza. Ukipita dirishani unasikia sauti moja inayojibizana. Nikaona vibaya, nikaomba nicheze naye. Nilicheza naye jioni nyingi na nilishindwa karibu zote. Hakufurahia ushindi. Nikikosea swali anatazama mlango, na mimi nilijua anayetazamwa si mimi, na nakiri iliniuma kidogo.

Mama alifariki, nikaolewa nikahamia Mwanga, mtaa mwingine wa mji huo huo, nyumba tukaiuza. Mpangaji akapata chumba Ujiji, karibu na soko. Tulionana kwa kubahatisha, kwenye misiba, kwenye foleni ya benki. Kila mara nilimwuliza habari za mtoto, na kila mara alisema amekuwa mkubwa. Simu zilikuwa zimeshaingia mifukoni mwa kila mtu, na mama mdogo alikuwa amempata kupitia watu wa watu. Yeye na mtoto waliongea sikukuu kwa sikukuu. Alisema sauti inakuja inakatika.

Mwaka jana alinipigia mwenyewe. Alitaka pazia, zuri, la rangi ya bahari, na alilitaka haraka. Mtoto anakuja, alisema. Sikumuuliza mtoto gani.

Nililipeleka nikiwa nimechelewa siku moja kwa sababu ya umeme. Nilipobisha hodi, mwanamke mrefu ndiye aliyenifungulia, amevaa suruali, nywele amezisuka vizuri. Akanipa shikamoo kwa lafudhi ya mtoto wa kambini, Kiswahili kilichokatwa kikiwa hakijakomaa. Nikamwitikia marahaba.

Mpangaji alikuwa amekaa nyuma ya meza, kichwa cheupe kabisa. Mezani hapakuwa na nafasi ya kuweka hata kikombe. Alikuwa ameyapanga mazimwi yote, mafungu kwa mafungu, ya majini, ya misituni, ya angani, pamoja na yale ya miaka ya viti viwili. Alikuwa akimweleza binti kwa haraka, akishika karatasi hii na kuiacha, kwamba haya ya upande huu hajawahi kuyaona, haya ni magumu, haya hata yeye mwenyewe amesahau woga wake. Binti alimsikiliza akiwa amekunja mikono, kwa adabu, kama mtu aliyekaa msibani kwa watu asiowajua vizuri. Nikaweka pazia kitandani, nikataka kuondoka, mpangaji akaniambia kaa, dada, wewe ni shahidi.

"Yeye alikuwa anashinda kabla chai haijapoa," akaniambia, akimwonyesha bintiye kwa kidole. "Si unakumbuka? Nilikuwa narudi mbio nyumbani nikatunge ingine gumu."

Binti akainua uso.

"Mimi nilikuwa nashinda mbio ili tumalize, Papa," akasema. Alitafuta maneno. "Nilifikiri mchezo ikiisha, sasa utakaa na mimi. Lakini ikiisha, wewe ulikuwa unaangalia lori."

Nje mtu alikuwa anapiga kelele za kuuza mkaa. Mpangaji alibaki na karatasi mkononi. Nilimwona anaielewa sentensi hiyo polepole, kuanzia mwanzo, mwaka kwa mwaka, na sikuwa na mahali pa kutazama.

"Mbona hukusema?" akauliza mwishowe.

"Nilikuwa mutoto. Nilifikiri unajua."

Aliifunika karatasi mezani. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyaficha wala hakuyafuta, yakashuka hadi kwenye kola. Bintiye hakumshika. Walikuwa hawajazoeana kiasi hicho.

"Unaondoka lini?"

"Keshokutwa. Ndege ya asubuhi."

Akatikisa kichwa.

"Basi tusicheze," akasema.

Akaanza kuyakusanya mazimwi, fungu kwa fungu, akiyateremsha sakafuni mpaka meza ikabaki tupu. Nikawaaga. Hawakunisikia. Walikuwa wamekaa pande mbili za meza ile, wote wawili mikono juu yake, kila mmoja akisubiri mwenzake aseme kitu.